Madaktari wapya wa meno: Je, wako tayari kuachiwa kiti?

Chuo kikuu humpa kijana shahada na maarifa. Mkono usiotetemeka na busara ya kujua pa kukomea hupatikana kwingine. MAKALA haya yanaangalia safari ya daktari mpya wa meno kutoka darasani hadi kinywani mwa mgonjwa, na kile ambacho wewe mzazi, mgonjwa au mwanafunzi unapaswa kujua.

GEGO limekupwita usiku kucha. Kufikia asubuhi shavu limefura na umemeza vidonge vyote vilivyokuwa nyumbani. Unajikokota hadi kliniki, unalazwa kwenye kiti, taa inawashwa usoni. Anayekuinamia ni kijana ambaye ungemkuta katika kituo cha matatu ungedhani ni mwanafunzi wa sekondari. Swali moja linakujia kabla hata hujafungua kinywa: Huyu amewahi kung'oa meno mangapi?

Swali hilo si la dharau. Ni swali ambalo walimu wa vyuo vya udaktari wa meno duniani kote wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi: Mhitimu anapovua joho la mahafali, yu tayari kiasi gani kufanya kazi bila mwalimu nyuma yake?

Jibu si ndiyo wala la. Kuna mambo ambayo kijana huyo anayajua vyema, pengine kuliko daktari aliyehitimu miaka thelathini iliyopita na hajafungua kitabu tangu hapo. Kuna mengine ambayo hakuna chuo kinachoweza kumfundisha. Na kuna jambo la tatu ambalo watu hulisahau: utayari wa daktari mpya hutegemea sana mahali anapopokelewa.

Miaka mitano ya jasho

Hapa Kenya mafunzo ya udaktari wa meno yalianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 1974. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka kazi hii alilazimika kuvuka bahari kwenda kuisomea. Baadaye Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nacho kikaanzisha mafunzo yake. Wapo pia Wakenya wanaosomea ng'ambo, kisha wakirudi hulazimika kufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kuanza kazi hapa.

Shahada huchukua miaka mitano. Katika miaka ya kwanza mwanafunzi husoma masomo ya msingi ya udaktari: jinsi mwili ulivyoumbwa, unavyofanya kazi, unavyougua na jinsi dawa zinavyotenda. Wazazi wengine hushangaa kusikia kwamba mtoto wao anayesomea meno anajifunza habari za moyo, ini na figo. Lakini kinywa hakikuning'inia hewani; kimeshikamana na mwili mzima. Mgonjwa wa kisukari akichelewa kupona kidonda cha jino lililong'olewa, au mwenye ugonjwa wa moyo akiingiwa na viini vya kinywani kwenye damu, anayeulizwa ni daktari wa meno.

Kisha huja mazoezi ya mikono. Mwanafunzi hamgusi mtu kwanza. Hufanyia kazi vichwa vya bandia vilivyofungiwa meno ya plastiki, akijifunza kuchimba palipooza na kupaziba bila kuharibu jino la jirani. Huinama juu ya kichwa hicho saa nyingi hadi shingo imuume. Akishafuzu hapo ndipo huingizwa kliniki kuhudumia wagonjwa wa kweli, huku mwalimu akipita kukagua kila hatua. Mgonjwa anayetibiwa katika hospitali ya chuo kwa kawaida hutumia muda mrefu zaidi kwenye kiti, lakini kazi yake hutazamwa na macho mawili mawili.

Mkono unachokijua

Mtu aliyepitia hayo yote si mgeni. Mhitimu wa kawaida anajua kuchunguza kinywa, kusoma picha ya eksrei, kusafisha meno na kuondoa ukoga uliogandamana, kuziba tundu la kawaida, kudunga sindano ya ganzi na kung'oa jino lisilo na matata. Anajua pia usafi wa vifaa na jinsi ya kumkinga mgonjwa na kujikinga yeye mwenyewe na maambukizi. Mambo haya ameyafanya mara nyingi na ametahiniwa kwayo.

Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali, ambapo wahitimu wapya huulizwa wanajihisi vipi kuhusu kazi, zinaelekea upande mmoja. Wengi husema wana imani na kazi hizo za kila siku. Wanaposita ni kwenye kazi ngumu zaidi: kutibu mizizi ya magego, kung'oa jino lililovunjika au lililozikwa ndani ya mfupa, kutengenezea mzee asiye na jino hata moja meno ya bandia yatakayokaa, na kupanga meno ya watoto yaliyopindana.

Sababu si uvivu. Gego la juu linaweza kuwa na mifereji mitatu au minne ya mizizi, myembamba kama nywele, na mingine imepinda. Ili mkono uzoee kazi hiyo unahitaji kuirudia mara nyingi. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, viti vichache na wagonjwa wa aina hiyo wachache, kila mmoja hupata nafasi chache tu kabla ya mtihani wa mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe hakijai kwa miaka mitano.

Yasiyofundishika darasani

Hata hivyo, ukimwuliza daktari mzoefu ni nini kinachomtenganisha na kijana wa jana, aghalabu hatataja mkono kwanza. Atataja mambo manne.

La kwanza ni kujua jino lenye makosa. Maumivu ya kinywani ni mwongo mkubwa. Gego la chini likioza, mgonjwa anaweza kuapa kwamba ni la juu linalouma. Daktari mwenye haraka anaweza kung'oa jino zima na kuliacha bovu. Ndiyo maana inampasa agonge meno polepole, ayajaribu kwa kitu baridi, atazame picha, kisha ndipo aamue. Chuoni mwanafunzi hufanya hivyo akiwa na mgonjwa mmoja asubuhi nzima. Hospitalini kuna foleni inayofika mlangoni, na kila aliye kwenye foleni ameshika shavu.

La pili ni kujua la kufanya mambo yanapokwenda kombo. Chukua mfano wa ganzi ya taya la chini. Sindano hulenga neva iliyojificha nyuma ya mfupa, mahali ambapo jicho halioni. Hata daktari mzoefu huikosa mara kwa mara. Tofauti ni kwamba mzoefu hutulia, hungoja, hujaribu tena kwa njia nyingine. Kijana asiye na msimamizi anaweza kushawishika kuendelea mgonjwa akiwa bado anasikia maumivu, na mgonjwa huyo hatarudi tena kwa daktari wa meno hadi siku ya kufa kwake. Au chukua gego la juu, ambalo mizizi yake huwa karibu sana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu. Likitoka vibaya, tundu linaweza kufunguka, na mgonjwa akinywa maji yakamtokea puani. Hilo hutibika, mradi daktari alitambue mapema na asilifiche.

La tatu ni mazungumzo. Mzazi anamleta mtoto wa miaka saba mwenye gego lililotoboka na kusema, "Daktari, ling'oe tu, si litaota jingine?" Wazazi wengi hawajui kwamba gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wanadhani ni la utotoni. Likitolewa, halioti tena. Daktari anayejua kueleza jambo hilo kwa upole na kwa lugha ambayo mama anaielewa huliokoa jino la maisha. Asiyejua kueleza, au anayeogopa kumpinga mzazi aliyemzidi umri, hushika koleo.

La nne, ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni kujua pa kukomea. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili hakifai kupakwa dawa tena na tena. Kinahitaji kuchunguzwa kama si saratani. Uvimbe unaoteremka kutoka taya hadi shingoni, mgonjwa akaanza kushindwa kumeza au kupumua, ni hatari ya saa chache. Mwenye moyo uliodhurika kwa homa ya baridi yabisi, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, hang'olewi jino hivi hivi tu. Daktari mpya aliye salama si yule anayeweza kila kitu. Ni yule anayesema, "Hili limenizidi, wacha nimwite mkubwa wangu," bila kuona haya.

Mwaka wa uanagenzi

Ni kwa sababu ya mambo hayo manne ambapo sheria haimruhusu mhitimu kutoka chuoni moja kwa moja na kufungua kliniki. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), ambalo kabla ya 2019 lilikuwa likiitwa Bodi, humtaka kwanza afanye mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa. Huko hufanya kazi chini ya msimamizi na hubeba kitabu cha kumbukumbu ambamo kazi aliyoifanya hutiwa sahihi. Akimaliza ndipo anaposajiliwa kikamilifu. Na hata baada ya hapo, leseni yake huwa ya mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza.

Karatasini mpango huu hauna kasoro. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mwanagenzi hufanya, mkubwa hutazama. Akikwama, mkubwa huvaa glavu. Baada ya miezi kumi na miwili kijana aliyeingia akitetemeka hutoka akiwa daktari.

Nchi nyingine nazo zimeona hivyo. Uingereza, tangu 1993, mhitimu anayetaka kuhudumia wagonjwa katika mpango wa taifa wa afya hulazimika kwanza kufanya mwaka mmoja katika kliniki ya mkufunzi aliyechaguliwa kwa kazi hiyo. India hujumuisha mwaka wa mafunzo ya kazini ndani ya shahada yenyewe. Jimbo la New York kule Marekani nalo, tangu 2007, humtaka kila daktari mpya wa meno apitie mwaka wa mafunzo baada ya shahada kabla ya kupewa leseni. Kumbe hata wenye vyuo vya kifahari wameng'amua kwamba shahada pekee haitoshi.

Jambo linalopaswa kutukuna vichwa hapa kwetu ni jinsi mwaka huo unavyotumika.

Mkono husahau

Tatizo la kwanza ni kungoja. Mara si moja, wahitimu wa udaktari wa kila aina wamekaa nyumbani kwa miezi mingi wakisubiri Wizara ya Afya iwapangie vituo, kwa sababu ya fedha. Mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 na kudumu siku 56 ulitokana kwa sehemu kubwa na suala la wanagenzi. Serikali ilitaka kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi. Chama chao, KMPDU, kikashikilia mkataba wa 2017 ambao uliwapa takriban Sh206,000. Ilifika Desemba 2024 ndipo pande hizo mbili zikakubaliana kufuata mkataba huo.

Magazetini mzozo huo ulisomwa kama vita vya mishahara. Lakini kwa mgonjwa wa meno una maana nyingine. Udaktari wa meno ni kazi ya ufundi pia. Seremala akikaa mwaka mzima bila kushika randa, ubao wa kwanza atakaoupiga utamwaibisha. Kijana aliyefanya mtihani wake wa mwisho akiwa na mkono mwepesi, kisha akakaa nyumbani miezi minane akiuza nguo mtandaoni au akifundisha watoto wa jirani hesabu, hurudi kwenye kiti mkono ukiwa umekakamaa. Hakusahau vitabu, vidole ndivyo vilivyosahau. Naye anayelipia kusahau huko ni mgonjwa wa kwanza atakayemkuta.

Mzazi aliyeuza shamba au kuchukua mkopo ili mwanawe asomee meno naye ana lake la kusema. Miaka mitano amelipa karo, akanunua vifaa, akahesabu siku. Sasa mtoto ana shahada ukutani na hana nauli mfukoni.

Kiti kilichoharibika

Tatizo la pili ni mahali anapopelekwa. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti, na hali hutofautiana kutoka kaunti moja hadi nyingine kama mbingu na ardhi.

Mwanagenzi mwenye bahati hufika katika hospitali yenye madaktari bingwa wawili watatu, viti vinavyofanya kazi, eksrei ya meno na dawa za kutosha. Huko hujifunza kuziba, kutibu mizizi, kushona midomo iliyopasuliwa na ajali za bodaboda na kufunga mataya yaliyovunjika.

Mwenzake hufika kwenye hospitali ambayo kiti kiko lakini mashine ya kusukuma hewa iliharibika zamani. Bila hewa hiyo, mashine ya kuchimba jino haizunguki. Bila kuchimba, hakuna kuziba. Kinachobaki ni sindano ya ganzi na koleo. Basi kila anayeingia, awe na tundu dogo lililohitaji kuzibwa kwa nusu saa au jino lililokufa kabisa, huondoka na pengo. Si ajabu kwamba kung'oa ndiyo kazi kubwa ya kliniki nyingi za meno za umma.

Fikiria sasa. Kijana huyu alifundishwa miaka mitano jinsi ya kuokoa meno. Kisha mwaka ule ambao ulinuiwa kuukomaza ujuzi wake anautumia kung'oa kutoka asubuhi hadi jioni. Akimaliza atakuwa stadi wa koleo, lakini ule ujuzi mwingine aliokuwa nao siku ya mahafali utakuwa umepungua badala ya kuongezeka. Na kama msimamizi wake ana majukumu mengine na huonekana mara moja kwa wiki, basi hata kule kung'oa anajifunza peke yake, kwa kukosea juu ya watu.

Hapo ndipo swali la kama mhitimu yu tayari linapogeuka. Badala ya kuuliza tu, "Chuo kimemwandaa vipi?" inafaa tuulize pia, "Hospitali imejiandaa vipi kumpokea?"

Kliniki na ankara

Akishasajiliwa, daktari mpya wa meno mara nyingi huangalia sekta ya kibinafsi, maana nafasi za serikali ni chache. Hapo hukutana na somo ambalo halikupewa uzito chuoni: fedha.

Vifaa vya meno ni ghali, na vingi huagizwa kutoka ng'ambo. Kodi ya chumba mjini haingoji. Mwenye kliniki anayemwajiri kijana huyo pengine humlipa kwa asilimia ya kazi anayoifanya, yaani anapotibu zaidi ndipo anapopata zaidi. Mpango huo si haramu, lakini una mtego. Jino lenye doa dogo ambalo lingeweza kuangaliwa tu linaweza kuanza kuonekana kama la kuzibwa. Lililohitaji kuzibwa likaonekana la kuvishwa kofia. Kijana asiye na mkubwa wa kumshauri hujikuta kati ya dhamiri na kodi ya nyumba.

Kuna pia upande wa pili. Mgonjwa anayehitaji kutibiwa mzizi anasikia bei na kusema, "Ng'oa tu, daktari, sina hela." Daktari mzoefu anajua kupanga matibabu kwa awamu, kutuliza maumivu leo na kumaliza kazi mwezi ujao mshahara ukiingia, au kumwelekeza mgonjwa kwenye hospitali ya chuo ambako gharama ni nafuu. Maarifa ya aina hii hayamo katika vitabu vya ng'ambo. Hupatikana kwa kukaa karibu na mtu anayewajua watu wake.

Hali kadhalika kwa magonjwa yetu wenyewe. Mtu aliyelelewa Nakuru au Naivasha mara nyingi ana meno ya rangi ya kahawia kwa sababu ya madini ya floridi yaliyozidi katika maji aliyoyanywa utotoni. Si uchafu, wala hayatoki kwa kusugua hata atumie dawa ya meno ya bei gani. Mhitimu aliyesomea nchi isiyo na tatizo hilo anaweza kuwa amelisoma kwa mistari miwili tu. Hapa atakutana nalo mara kwa mara, akiwa na msichana mbele yake anayeona aibu kucheka.

Usimkimbie, mwulize

Je, mgonjwa akimbie akiona uso mchanga? Hasha. Daktari mpya aliye na msimamizi karibu huenda akawa salama kuliko mkongwe anayefanya kazi peke yake. Isitoshe, wataalamu wote unaowaamini leo walikuwa na mgonjwa wao wa kwanza. Unachopaswa kufanya ni kuuliza, na kuuliza si utovu wa adabu.

Jambo la kwanza la kutambua ni kwamba si kila aliyevaa koti jeupe ni daktari wa meno. Wapo maafisa wa afya ya meno wa jamii, wanaosomea stashahada katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC). Hawa hutoa huduma muhimu za msingi na wana leseni yao. Wapo mafundi wanaotengeneza meno ya bandia katika maabara. Na wapo matapeli wasio na cheti chochote, wanaobandika waya na vito kwenye meno ya vijana katika vyumba vya urembo mitaani. Waya hizo zinaweza kulegeza meno na kuumiza fizi hadi jino likatoka lenyewe. Anayekugusa kinywani anapaswa kuwa na jina katika sajili ya Baraza, na sajili hiyo unaweza kuitazama mtandaoni kwa simu yako hata ukiwa kwenye foleni.

YA KUULIZA UKIWA KWENYE KITI

• Ni jino gani hasa lenye shida, na umelijuaje?

• Je, linaweza kuokolewa? Kama laweza, kwa gharama gani na kwa kutembelea kliniki mara ngapi?

• Nisipotibiwa leo itakuwaje?

• Mambo yakiwa magumu, kuna daktari mkubwa hapa au utanipeleka wapi?

• Nikirudi nyumbani, ni dalili zipi zinapaswa kunirudisha haraka?

Nawe una wajibu wako. Mweleze daktari dawa zote unazomeza, maradhi uliyonayo na kama u mjamzito, hata asipouliza. Mhitimu akisahau kuuliza na wewe ukanyamaza, makosa yamekuwa mawili.

Kwa mwanafunzi anayeitamani kazi hii

Kila mwaka matokeo ya sekondari yakitoka, huwapo vijana wenye alama za juu wanaochagua udaktari wa meno kwa sababu wamekosa ule mwingine, au kwa kuwa wamesikia kazi hii haina zamu za usiku. Hizo ni sababu dhaifu. Kabla ya kujaza fomu, jiulize kama unapenda kazi ya vidole, kazi ya kuinama saa nyingi juu ya kitu kidogo ukitafuta usahihi. Jiulize kama unaweza kumtuliza mtoto anayepiga mateke. Nenda ukakae siku moja katika kliniki ya meno, uone.

Ukishaingia chuoni, usikimbizane na alama tu. Mgonjwa mgumu ambaye wenzako wanamkwepa ndiye mwalimu wako. Omba kutazama upasuaji ambao si zamu yako. Kwenye mwaka wa uanagenzi, kituo chenye msimamizi anayefika kazini kina faida kuliko kituo kilicho karibu na nyumbani. Ukichelewa kupangiwa, usikae bure: hudhuria mihadhara, fanya mazoezi kwenye meno ya bandia, jitolee katika siku za uchunguzi wa meno shuleni chini ya daktari aliyesajiliwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hakuna wakati mzuri wa kuuliza kama ule ambao bado unaitwa mwanagenzi.

Wenye jukumu ni wengi

Vyuo vina sehemu yao: kuongeza viti na wagonjwa ili kila mwanafunzi arudie kazi ngumu mara za kutosha, na kufundisha mazungumzo, maadili na hesabu za kliniki kwa uzito uleule unaopewa ganzi na koleo. Wizara nayo ina yake, kuhakikisha kwamba mhitimu hakai miezi mingi akingoja barua. Kaunti zinapaswa kuitazama mashine ya hewa iliyoharibika kama dawa iliyokwisha, maana kila siku inayopita bila kutengenezwa kuna meno yanayotupwa ambayo yangezibwa.

Madaktari wakongwe nao wasijitoe. Wengi wao walipata bahati ya kuwa na mwalimu aliyesimama nyuma ya bega lao na kusema, "Polepole, geuza mkono hivi." Kazi hiyo haina malipo makubwa, na anayeifanya hupoteza muda ambao angewatibu wagonjwa wake mwenyewe. Lakini wagonjwa watakaohudumiwa na kijana huyo kwa miaka thelathini au arobaini ijayo watakuwa wamehudumiwa na mwalimu wake pia.

Kwa sasa, familia inayotaka kujikinga inaweza kuanza na jambo dogo: kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno kabla hajaumwa. Jino lisilouma humpa daktari, awe mpya au mkongwe, muda wa kutazama, kufikiri na kuuliza mwenzake.